Beki Tatu na Goti la Shija

Ninyi wa kijiweni Mbagala mliniona nashuka na begi moja begani, nimevaa ndala, vidole vya mkono wa kulia vimechubuka vyote, mkaanza kunirushia maswali kabla sijakaa. Mmoja aliuliza kama tulipigana. Wa pili akauliza kama Shija amenisamehe. Wa tatu, simtaji ila mwenyewe anajijua, aliuliza kama nimemletea dhahabu. Kila nilipoanza kueleza mlinikatiza pale kwenye habari ya mwalo, mkacheka mpaka chai ikapoa. Nimeona heri niandike, kila mtu asome kwake mpaka mwisho. Mambo ya tiketi nayaruka, hayana utamu.

Najua na wake zenu watasoma, basi nianze na yale mnayoyajua. Mimi ni Pazi, Mzaramo wa Kisarawe. Nimecheza mpira wa kulipwa misimu kumi na mitano, yote nyuma upande wa kushoto, jezi namba tatu. Na mjini hapa beki tatu ni nani? Ni dada wa kazi za ndani, anayelinda nyumba wakati wenye nyumba wamekwenda kushambulia mjini. Aliyenibandika jina hilo ni Shija, Msukuma, beki wa kati, namba tano. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, siku yangu ya kwanza kambini Mwadui. Alimaliza kula, akanisukumia sahani yake mbele ya timu nzima: "Wewe si ndiye beki tatu? Osha." Nikaichukua, nikaenda kumwaga maji ya vyombo kitandani kwake. Tangu siku ile tukawa marafiki.

Wazaramo na Wasukuma ni watani tangu enzi za wapagazi, na mtani hakasirikiwi. Misimu mitano Shija alinitukana asubuhi na jioni, nami nikamjibu. Niliposajiliwa na timu kubwa ya hapa Dar alinisindikiza stendi, akanikumbatia vizuri kabisa. Nilipofika Nzega nikafungua begi, nikakuta ameiba viatu vyangu vipya vya mpira.

Miaka minne iliyopita tukakutana uwanjani, jezi tofauti. Dakika za mwisho wakapata kona, Shija akapanda mbele. Mpira ulidondoka katikati yetu. Nilikwenda kuuondoa kwa nguvu zangu zote, maana beki hafundishwi kuondoa mpira nusunusu. Niliupata mpira, na goti nikalipata pia. Mlio wake niliusikia kabla yeye hajapiga kelele. Refa hakutoa hata kadi ya njano. Jukwaa letu lilishangilia, na mimi, Mungu anirehemu, nilinyanyua mkono kuwashukuru.

Jioni ile basi la timu lilikuwa linaondoka, nikasema nitakwenda hospitali kesho. Kesho tukawa na mazoezi. Keshokutwa nikasema aibu imeshakuwa kubwa, ngoja ipungue kwanza. Nilimpigia simu mara mbili, hakupokea, na ukweli ni kwamba nilifurahi hakupokea. Shija hakucheza tena. Mimi niliendelea mpaka msimu huu, timu yangu ya mwisho iliponiambia asante na kunipa jezi iliyosainiwa na watu ambao nusu yao siwajui. Nikakaa nyumbani. Nikaona watu niliocheza nao ni wengi, lakini ninayemkosa ni mmoja, na nisipokwenda sasa nitazeeka bila mtani. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu: kumwomba Shija radhi, ili aanze tena kunitukana.

Dar hadi Sekenke

Hotuba ya kuomba radhi niliianza Chalinze. Nilipofika Dodoma ilikuwa na utangulizi, kiini na hitimisho.

Pembeni yangu alikaa mwalimu mstaafu aliyekuwa anarudi kwao Tinde, mzee mwenye kofia ya sufu ambaye hakuivua hata kwenye joto la Morogoro. Singida tulinunua kuku. Kuku wa Singida ni mgumu kama beki wa mkoani, lakini ukimshinda ni mtamu. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua karatasi mzee akaniuliza kwetu ni wapi. Nikasema Kisarawe.

"Mzalamo!" Sauti yake iligeuza vichwa hadi viti vya nyuma. "Mzalamo mzima, pembeni yangu, anakula kuku peke yake?" Akachukua paja, akalifunga vizuri kwenye gazeti, akaliweka kwenye mfuko wake. "Hili la mke wangu. Mwambie asante."

"Chukua tu mzee," nikamwambia, "najua kwenu nyama mnaiona kwa mbali, inatembea mbele yenu na mikia yake."

Abiria walicheka, na mimi nikajisikia nimeshafika Shinyanga. Kwa muda wa saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote ndani ya basi lile.

Kwenye mlima wa Sekenke mkanda wa injini ukakatika. Tukashuka, tukakaa juu ya mawe saa tatu nzima huku utingo ameteremka Shelui kutafuta mwingine. Wanawake walivua viatu wakaanza kusukana. Mzee akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nilikuwa mchezaji, beki. Akaniuliza jina. Nikalitaja, tena kwa majivuno kidogo, maana nilidhani atataka tupige picha.

Aliangalia bonde. Kisha akasema taratibu, "Wewe ndiye uliyemvunja kijana wetu."

Beki ndivyo alivyo. Ucheze mechi mia tatu, watu watakukumbuka kwa mpira mmoja. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, na ndiko ninakokwenda. Mzee aliinama kwenye mfuko wake, akatoa lile gazeti, akaniwekea paja langu magotini.

"Chukua kuku wako, ndugu yangu. Samahani kwa usumbufu."

Nilimsihi alichukue. Nilimwita mchunga ng'ombe, nilimwita majina yote ninayoyajua. Aliendelea kusema samahani. Tulipoondoka pale alinipisha dirishani kwa adabu, akanisaidia hata kuweka begi. Lile paja nilishindwa kulila. Shinyanga nilimpa mbwa wa stendi.

Mwadui

Mwadui haijabadilika sana. Nyumba za kampuni zimekaa mistari, paa moja, rangi moja, na nyuma yake vilima vya udongo uliochekechwa almasi tangu enzi za babu zetu. Getini nilingojeshwa muda mrefu kwa sababu mlinzi alitaka kujua nakwenda kwa nani, na nilipomwambia kwa Mama Neema aliyekuwa mpishi wa kambi ya mpira, akaniuliza yupi, maana Mama Neema ni watatu. Mwishowe nikamweleza yule anayeunguza maharage. Mlinzi akafungua geti.

Mama Neema alitoka na mwiko mkononi. "Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Pazi! Umenenepa kama mchezaji wa akiba."

Alinipa chai na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo zamani tulikuwa tunavificha mifukoni wakati wa mazoezi. Nilitafuna nikikumbuka mambo mengi. Hapo ndipo nilipofundishwa kazi yangu yote. Kocha wa kwanza aliniambia mshambuliaji anaongopa kwa macho na mabega, hivyo niangalie mpira tu. Shija alinifundisha la pili: beki ukimsikia mwenzako amenyamaza, ujue kuna hatari. Yeye nyuma yangu alikuwa hanyamazi. Dakika tisini ananitukana, "Rudi, beki tatu! Funga mlango, beki tatu!" na mimi sikuhitaji kugeuka kujua yuko wapi.

Nilimsomea Mama Neema hotuba. Alisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele.

"Maneno mazuri," akasema. "Kama ya mwenyekiti wa kijiji."

Sikuelewa kama ni sifa. Akanieleza kwamba Shija alirudi kwao Ushetu baada ya kutoka hospitali, akanifungia mfuko wa michembe, vipande vya viazi vikavu, nimpelekee. "Anaipenda. Na usile njiani, nakujua."

Ushetu

Kutoka Kahama nilipata lifti kwenye lori la mbolea. Dereva alikuwa Msumbwa mkimya aliyesikiliza mahubiri redioni njia nzima, na kila nilipotaka kuzungumza aliongeza sauti. Nilishuka nimepakwa vumbi jeupe kuanzia kichwani. Ndivyo nilivyotokea nyumbani kwa mama yake Shija.

Anaitwa Mama Kulwa, maana kabla ya Shija alijifungua mapacha, na anayefuata mapacha kwa Wasukuma huitwa Shija, awe wa kiume au wa kike. Hili la wa kiume au wa kike lishikeni, litakuja kunitia aibu. Nilimkuta kwenye bani, kibanda cha kukaushia tumbaku, anatunga majani kwenye fito.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia, Kisukuma changu chote.

"Mwadila." Akanitazama juu mpaka chini. "Mzalamo, umekuja kukaanga mihogo au umekufa unatembea? Mbona umejaa unga?"

Nilitaka kulia kwa furaha. Alinilisha ugali na mlenda wa karanga, akanicheka nilivyokuwa naukimbiza mlenda sahanini. Kisha akanipa fito na majani nami nitunge. Nilitunga vibaya. Alifungua kazi yangu yote, akairudia bila kusema neno.

Nilipoona amechangamka nikaanza hotuba. Nilifika kwenye maneno "makosa ni ya kibinadamu" akanikata.

"Mwaka ule watu walijaa ua huu," alisema. "Ndugu, majirani, watu wa kanisani. Mtani hakuonekana."

"Najua mama. Ndiyo maana nimekuja kuomba..."

"Hayo mpelekee mwenyewe. Yuko mwaloni, huko Geita." Akaniambia simu ya Shija haipatikani mara kwa mara, lakini tuijaribu. Nikasema hapana, nitamshtukiza. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa akijua nakuja ataondoka.

Mwalo

Haya, hapa ndipo mlipokuwa mnanikatiza. Chekeni sasa mmalize.

Mimi nilichezea Mwanza msimu mmoja, na ninavyojua mwalo ni pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Nikasema sawa, Msukuma ameacha ng'ombe, amekuwa mvuvi. Sikumwuliza mtu yeyote. Nikapanda gari Kahama, nikapita Kakola, njia ina vumbi jekundu likachanganyika na lile la mbolea, tukapasukiwa gurudumu mara mbili. Nikalala Geita mjini. Alfajiri nikaenda hadi ziwani, mwalo mkubwa kuliko yote niliyoelekezwa. Ubaridi ulikuwa mkali, upepo unatoka majini.

"Namtafuta Shija," nikamwambia mchuuzi mmoja.

"Shija? Yule pale anaanika dagaa."

Niliona mgongo mpana, koti kubwa la kiume, kofia imevutwa mpaka masikioni, mtu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nikasema nikimsubiri ageuke nitashindwa, wacha nianze hapahapa. Nikapiga goti kwenye mchanga nyuma yake.

"Shija," nikasema, "nimekuja kutoka Dar es Salaam kukuomba radhi kwa yale niliyokutenda. Nilikuumiza, kisha nikakukimbia. Sikuja kukuona kitandani. Miaka minne sijapata usingizi."

Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walisimamisha kazi wote. Lile koti likageuka. Alikuwa mama wa makamo, mikono kama ya golikipa, macho yamemtoka.

"Shija we!" mmoja akapiga yowe. "Huyu naye ni nani? Alikutenda nini?"

"Simjui!" akasema yule mama. Kisha akaniangalia nilivyopiga goti, akakunja mikono. "Lakini mwacheni aendelee. Mwanaume wa kuomba radhi hapatikani kila siku."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Watu walikuja kutoka kwenye mitumbwi kuuliza, wakasimuliwa, wakacheka upya. Nilipopata nafasi nikaeleza habari ya mpira na goti na Mama Kulwa. Shija wa dagaa alijifuta machozi kwa mkono wa koti.

"Baba, huo ni mwalo wa dhahabu," akasema. "Kule machimboni wanaposaga mawe na kuosha mchanga, nako wanaita mwalo. Huku tunaosha samaki, kule wanaosha dhahabu."

Yule mchuuzi hupeleka dagaa machimboni, na alimjua msimamizi mmoja anayeitwa Shija, mtu mrefu anayechechemea, machimbo ya mbele ya Ushirombo. Nilikuwa nimepitiliza kabisa, kama beki aliyepanda kushambulia akasahau kurudi. Yule mama hakuniacha niondoke na njaa. Alinichomea sato, akanipakulia mwenyewe, akakaa kuniangalia nikila.

"Hotuba yako si mbaya," akaniambia. "Ila ungeanza na salamu."

Katoro, Runzewe, Ushirombo

Kutoka hapo mvua ilinishika. Katoro gari lilisubiri abiria nusu siku, kila akipanda mmoja wanashuka wawili kwenda kunywa supu. Baada ya Bwanga tulikwama kwenye tope, wanaume tukashuka kusukuma, na viatu vyangu vya ngozi nilivyovivaa ili nionekane mtu wa maana mbele ya Shija vikageuka rangi ya barabara. Ushirombo nililala karibu na misheni, yale majengo ya zamani ya matofali ya wamisionari, nikaamshwa na kengele. Niliirudia hotuba kitandani. Niliondoa utangulizi.

Asubuhi nikamwambia dereva wa bodaboda anipeleke machimboni kwa Shija.

"Yupi? Mzee wa Goti?"

Shija ana miaka thelathini na sita, amenizidi mmoja. Kwa miaka kumi na moja ya kazi alijulikana kwa vichwa vyake vilivyoondoa kila mpira wa juu, na sasa anajulikana kwa kitu nilichokifanya mimi kwa sekunde moja. Nikasema ndiyo, huyo.

Mwalo wenyewe

Machimbo yale yana vibanda vya turubai, mashimo yaliyozungushiwa magogo, na karasha, mashine ya kusagia mawe, inayonguruma mpaka unaisikia kwenye meno. Chini ya karasha kuna mabwawa ya maji ya udongo ambapo wanaume na wanawake wanaosha mchanga. Shija alikuwa amekaa kivulini kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele, daftari mapajani. Aliniona mimi kabla sijamwona. Alisimama taratibu, mkono kwenye nguzo.

Nilijiandaa kwa tusi lolote. Nilijiandaa hata kwa ngumi.

"Karibu sana, Bwana Pazi," akasema. "Pole kwa safari. Mleteeni mgeni kiti."

Mnanijua, sikumbuki kuitwa Bwana Pazi na mtu yeyote isipokuwa kwenye barua ya kuachishwa. Alinipa mkono. Aliuliza habari za nyumbani, za mke, za watoto, kila mmoja kwa jina. Alinionyesha karasha, akanieleza inavyofanya kazi kama mtu anayemtembeza mkaguzi. Nikajaribu, "Naona Wasukuma mmepata mashine ya kusaga mawe. Zamani mlikuwa mnasaga kwa meno." Kijana mmoja wa karasha alicheka. Shija alitabasamu kwa adabu, akasema tukale.

Mke wake, Mama Limi, alipika ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, kwa karanga. Nikatoa michembe ya Mama Neema. Shija akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa Kisukuma, wabeja. Nilipomaliza kula nikasema hotuba, ile fupi, na katikati nikafuta macho. Nilimwambia hata habari ya ule mkono nilioupungia jukwaa, ambayo sijawahi kuwaambia hata ninyi.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia," akasema. "Asante kwa kuja. Mungu akubariki." Kama anafunga kikao.

Nikaanza kukusanya sahani ili nikaoshe. Kwa namna fulani nilikuwa nangojea kauli ile ya zamani. Shija alinishika mkono kwa upole.

"Acha, tafadhali. Wewe ni mgeni."

Nimewahi kupigwa kiwiko cha pua, nimewahi kujifunga goli mbele ya watu wa kwetu waliokodi basi kuja kuniona. Hakuna kilichoniuma kama neno mgeni. Nililala kibandani kwao nikijua safari yangu imeshindwa, na kwamba nimeshindwa na mtu asiyenifanyia ubaya wowote.

Jogoo

Asubuhi nilifunga begi. Shija akasema atanisindikiza mpaka penye bodaboda, na nilipomkataza kwa ajili ya mguu alikuja hivyohivyo. Tulitembea polepole kupita karasha. Kila hatua yake niliisikia. Mwisho sikuweza tena, nikasimama.

"Shija, nimeomba radhi. Umeniambia asante. Sasa nifanye nini?"

Alikaa kwenye gogo. Alilitazama goti lake, na alipoanza kusema ile sauti ya kuniita Bwana Pazi ilikuwa imemtoka.

"Ladhi anaomba mtu baki," akasema. "Miezi mitano nililala. Walikuja wote. Kocha alikuja akalia. Mama alilia. Wachezaji walileta machungwa, wakaongea polepole kama nimeshakufa wanangoja jeneza. Kila mlango ukifunguliwa nasema huyo ni Pazi, anakuja kunicheka. Nilitaka mtu mmoja tu, mmoja, aje alicheke goti hili, nijue bado mimi ni mtu. Wewe ndiyo ilikuwa kazi yako. Hukuja. Na jana umekuja, umekuja kulia kama wale wengine."

Ndipo nilipoelewa Mama Kulwa alisema nini kwenye bani, na kwa nini yule mwalimu wa Tinde alinirudishia kuku. Nilikuwa nimebeba hotuba kutoka Chalinze mpaka ziwani na kurudi, na hakuna aliyekuwa anaihitaji. Machozi yalinitoka, lakini nilijua hayo nayo hayatakiwi.

Mbele yetu alikuwa anapita jogoo wa Shija, mkubwa, mwekundu, anatembea kama mwenye machimbo. Nikaweka begi chini.

Sijakimbia hivyo tangu msimu uliopita. Jogoo alinidanganya kwa mabega, akanidanganya kwa mbawa. Nilikumbuka la kocha, nikaangalia miguu tu, nikateleza kwenye tope la mwalo, nikamkamata. Nikasimama nimelowa tope mpaka kifuani, jogoo kwapani anapiga kelele, nikapaza sauti kushinda karasha.

"Msukuma! Kumbe hili ndilo goti lenyewe? Nchi nzima inanilaumu kwa goti hili? Mbona lilikuwa bovu tangu Mwadui! Washambuliaji walikuwa wanapita hapo kama ng'ombe wanarudi zizini! Mimi nimekustaafisha kwa heshima, watu hawajajua! Miaka minne hujanishukuru! Jogoo huyu namchukua, ndiyo shukrani yangu!"

Mtu alizima karasha. Kimya kikaingia mwaloni. Kijana mmoja alishika chepe sawasawa, kanitolea macho. Mama Limi alitoka jikoni akaziba mdomo. Jogoo mwenyewe alinyamaza. Kama nimekosea, hapo hapakuwa na kurudi nyuma tena.

Shija aliinamisha kichwa. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani nimemliza. Kisha akanyanyua uso, na alikuwa anacheka, machozi yanashuka kwenye ndevu, anapiga lile goti lake kwa kiganja.

"Beki tatu!" alifoka. "Beki tatu wewe! Miaka minne vyombo vimelala! Mchinje huyo jogoo, mpike, na masufulia yote ya mwalo huu utaosha wewe! Kwa mchanga! Sabuni ni ya watu!"

Wachimbaji walipiga mayowe bila kujua wanashangilia nini. Nilichinja, nikapika, watu wakala. Kisha nikaosha. Masufuria ya karasha yana masizi ya mwaka mzima, na mchanga wa mwaloni una vipande vya mawe. Shija alivuta kigoda akakaa nyuma yangu na michembe yake, anatafuna, ananisimamia: "Hapo bado. Na hapo. Mlango wa kushoto wazi, beki tatu!" Nilikuwa nimempa mgongo, na sikuhitaji kugeuka kujua yuko wapi. Nilikaa siku nne zaidi. Siku ya tano alinisindikiza mpaka Ushirombo, akanikumbatia vizuri kabisa, akaniwekea begi garini kwa mkono wake.

Basi, majibu yenu. Hatukupigana. Dhahabu sikuleta. Kama amenisamehe, sikumwuliza tena, nilikuwa na masufuria. Lakini Nzega basi liliposimama nilifungua begi nivue ndala nivae viatu vyangu vya ngozi, nikakuta kiatu cha kushoto hakimo.